Vipanuzi au upasuaji: njia tano za kutengeneza uke kwa aliyezaliwa na MRKH

Binti ametimiza miaka 16. Matiti yameota, umbo limekuwa la kike, lakini hedhi haijaja hata mara moja. Nyumbani wanasema kila mtu ana wakati wake. Bibi anakumbusha kwamba ukoo wao una wanaochelewa, na kungwi bado anasubiri kuitwa. Mwaka unakatika. Mwisho anapelekwa hospitali, na baada ya vipimo viwili vitatu daktari anatamka herufi nne: MRKH. Maana yake amezaliwa bila mfuko wa uzazi, au akiwa na mabaki yake tu, na uke wake ni kijishimo kifupi kisichofika mbali.

Hali hii humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto wa kike 5,000. Herufi hizo ni za majina ya madaktari wanne, Mayer, Rokitansky, Küster na Hauser, walioieleza kwa nyakati tofauti kati ya 1829 na 1961. Mimba ikiwa changa, mirija miwili ndani ya mtoto wa kike hukua na kuungana ili kufanya mfuko wa uzazi na sehemu ya juu ya uke. Kwa mwenye MRKH, kazi hiyo haikukamilika. Ovari zina chanzo kingine, ndiyo maana zipo na zinafanya kazi kama za mwanamke yeyote: homoni zinatoka, mayai yanapevuka. Sehemu za nje, kinembe kikiwemo, ni za kawaida kabisa.

Familia nyingi zikishapewa jibu hilo husikia neno moja tu, upasuaji. Ukweli ni kwamba zipo njia tano zinazotumika sana, na ya kwanza haina kisu. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya mwanamke mwenyewe, na kwa ajili ya mama anayemsindikiza kliniki. Nasema mwanamke mwenyewe kwa makusudi, kwa sababu hakuna hata moja kati ya njia hizi inayofanikiwa kwa mtu aliyelazimishwa.

Kabla ya kuchagua: je, ni MRKH kweli?

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, na kosa la hapa linaharibu uchaguzi wote unaofuata.

Hali ya kwanza inayofananishwa nayo ni kizinda kilichoziba kabisa. Binti huyu ana mfuko wa uzazi na hedhi inatoka, ila inakwama ndani. Anaumwa tumbo kila mwezi, maumivu yakizidi mwezi hadi mwezi, na wakati mwingine mkojo unaziba kwa sababu damu iliyojaa inakandamiza. Daktari akikagua huona utando uliotuna wenye rangi ya samawati. Dawa yake ni mkato mdogo chini ya ganzi, na mambo yanaisha.

Hali ya pili ni ukuta unaokatiza uke kwa ndani. Maumivu ni yale yale, lakini ukuta ni mnene na unahitaji mpasuaji mzoefu. Ukikatwa kwa haraka kama kizinda, hujifunga tena kwa kovu. Katika jamii zinazofanya ukeketaji wa kushona, kovu lenyewe linaweza kuziba njia na kuleta dalili hizo hizo. Huyo hakuzaliwa na kasoro yoyote.

Ya tatu inahitaji busara ya kusema. Wapo mabinti wenye kromosomu 46,XY, mpangilio ambao kwa kawaida ni wa wanaume, ambao miili yao haipokei homoni za kiume. Wana matiti, hawana hedhi, uke ni mfupi, na nywele za siri ni chache mno au hazipo. Ndani hawana ovari, wana korodani ambazo hazikushuka. Kwao pia vipanuzi hutumika, lakini kuna mazungumzo mengine juu ya korodani hizo na homoni ambayo mwenye MRKH hayahitaji.

Kuna pia binti anayepata hedhi kama kawaida na bado anaumwa upande mmoja, kila mwezi zaidi. Huenda ana mifuko miwili ya uzazi, mmoja ukiwa umezibwa chini, na mara nyingi figo ya upande huo haipo. Huyu hutibiwa kwa kuondoa ukuta unaoziba, na mjadala wa njia tano haumhusu.

Sasa vipimo. Ultrasaundi ya juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, ndiyo ya kuanzia: ni nafuu, ipo hadi hospitali za wilaya, na inaonyesha figo. Udhaifu wake ni kwamba mabaki madogo ya mfuko wa uzazi yanaweza kusomwa kama "mfuko mdogo ambao haujakua". Hapo binti huandikiwa vidonge vya homoni miezi na miezi eti mfuko ukue, na hakuna kinachokua. MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, ni ghali na inapatikana miji mikubwa, ila ndiyo inayoonyesha vizuri kilichopo na kisichopo, pamoja na kama mabaki yana utando hai unaotoa damu. Kipimo cha kromosomu na cha homoni ya testosteroni hutenganisha MRKH na ile hali ya 46,XY. Upasuaji wa matundu madogo kwa ajili ya kuchungulia tu hauhitajiki tena mahali penye MRI. Kama mtu anaumwa kila mwezi, hapo upasuaji huo una sababu, kwa kuwa mabaki yenye utando hai yanaweza kutolewa papo hapo.

Figo zisisahaulike. Takriban watatu kati ya kumi wenye MRKH wana tatizo la figo: iko moja tu, au imekaa chini kwenye nyonga. Mpasuaji anayeingia nyongani bila kujua hilo anacheza na maisha. Uti wa mgongo na masikio navyo huangaliwa.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale: kazi yenyewe ikoje, inachukua muda gani na inauma kiasi gani, nini kinaweza kuharibika, maisha ya baadaye yanadai nini, na inamfaa nani.

Wataalamu hupima mafanikio kwa sentimita, kwa kawaida 6 au 7 kwenda juu. Ni kipimo kinachosaidia, lakini mimi nisingekipa uzito wote. Mwenye sentimita 6 zisizouma, mwenye mume anayeelewa, yuko mbali mbele ya mwenye sentimita 11 na kovu. Tena hisia za raha ziko zaidi kwenye kinembe, na hicho MRKH haikukigusa.

Jambo moja lieleweke mapema kwa sababu wengi huchagua kisu wakidhani wanalikimbia: karibu kila upasuaji nao unafuatiwa na vipanuzi. Uke mpya usiotumika husinyaa.

1. Vipanuzi

*Kazi yenyewe.* Ni vijiti laini vya plastiki ngumu au silikoni, vyenye ncha ya mviringo, vinavyopangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa. Mtaalamu Robert Frank aliieleza njia hii Marekani mwaka 1938. Mwaka 1981 Ingram akaongeza kigoda chenye kiti cha baiskeli, ili uzito wa mwili wenyewe ufanye kazi ya kusukuma. Kwa njia ya kawaida mwanamke hulala chali, magoti yamekunjwa, mto chini ya kiuno. Anapaka kilainishi cha maji kwenye ncha, anaiweka kwenye kile kijishimo, kisha anasukuma polepole akielekeza upande wa mgongo. Mwelekeo huo una sababu: akisukuma kwenda mbele atakandamiza njia ya mkojo, na hilo linaumiza. Siku ya kwanza asifanye peke yake. Nesi au daktari amwonyeshe kwa kioo cha mkononi, amwache ajaribu mwenyewe, amrekebishe.

*Muda na maumivu.* Dakika 10 hadi 30 kila mara, mara moja hadi tatu kwa siku. Anayefanya kwa bidii mara nyingi hufika kwa miezi mitatu hadi sita, na wengine huchukua mwaka. Mbano unasikika, ila usiwe wa kutoa machozi. Akiona damu nyingi au mkojo ukianza kuchoma, apumzike na kurudi kliniki.

*Hatari.* Ni ndogo kuliko njia zote: michubuko, damu kidogo, maambukizi ya njia ya mkojo. Hatari kubwa zaidi ni kukata tamaa. Kazi hii inachosha akili, kwa sababu kila siku inamkumbusha mtu jambo ambalo angependa kulisahau. Wengi wanaoshindwa hawakushindwa na mwili. Waliachiwa seti ya vijiti mkononi wakaambiwa warudi baada ya nusu mwaka.

*Maisha ya baadaye.* Akishafika urefu anaoutaka, tendo la ndoa la mara kwa mara linatosha kuutunza. Kipindi asichokuwa na mwenzi hurudi kwenye kijiti mara chache kwa wiki. Ngozi ni ya kwake mwenyewe, hisia ni zake, na hakuna kovu popote.

*Inamfaa* karibu kila mwanamke ambaye hajawahi kukatwa sehemu hiyo na ambaye yeye mwenyewe ameamua. ACOG, chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2018 kiliipa njia hii nafasi ya kwanza, na kikataja mafanikio ya zaidi ya 90% hadi 96%. Kilisema upasuaji ubaki kwa wachache walioshindwa, au walioupendelea baada ya kuelezwa yote.

Tatizo lake huku kwetu ni faragha. Binti anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu, au aliye bweni la wasichana 40, dakika 20 za mlango uliofungwa atazipata wapi? Ushauri wa kliniki usiogusa swali hilo ni wa karatasini tu. Wapo wanaopanga kuanza likizo ndefu, au baada ya kupata chumba chao. Kuchelewa huko hakuharibu chochote.

2. Vecchietti

*Kazi yenyewe.* Giuseppe Vecchietti wa Italia aliitangaza mwaka 1965, na tangu miaka ya 1990 hufanywa kwa matundu madogo. Chukulia vipanuzi vilivyogeuzwa: badala ya kusukuma kutoka nje, kijishimo kinavutwa kutoka ndani. Shanga ya plastiki yenye umbo la zeituni huwekwa kwenye kijishimo, nyuzi zake zikapitishwa ndani na kutokea tumboni juu ya kinena, zikafungwa kwenye kifaa kinachokaa juu ya ngozi. Kila siku daktari anakaza kidogo, na shanga inapanda kama sentimita moja au moja na nusu.

*Muda na maumivu.* Takriban wiki moja na urefu umepatikana, haraka kuliko njia nyingine yoyote ya kuvuta. Ila ni wiki nzito. Kukaza kunauma, na dawa kali za maumivu zinahitajika. Anayemwuza mgonjwa njia hii kwa kumwambia "ni siku saba tu" amemficha nusu ya habari.

*Hatari.* Nyuzi zinapita karibu na kibofu na puru, kwa hiyo kimoja kinaweza kutobolewa. Figo iliyokaa nyongani inaleta ugumu wa ziada. Mahali palipokwisha kuwa na kovu hapanyumbuki vizuri.

*Maisha ya baadaye.* Vipanuzi vinaanza mara shanga ikitolewa, kila siku kwa miezi, mpaka tendo la ndoa liwe la kawaida. Ngozi ya uke inabaki ni ya kwake, makovu ni vidoa tumboni.

*Inamfaa* aliyejaribu vipanuzi kwa uaminifu akakwama, sehemu yake haijakatwa, na yuko karibu na mpasuaji mwenye kifaa chenyewe. Hicho ndicho kikwazo. Hospitali inaweza kuwa na mashine nzuri ya upasuaji wa matundu na bado isiwe na kifaa cha Vecchietti.

3. Davydov: ngozi ya ndani ya tumbo

*Kazi yenyewe.* Inatokana na daktari Mrusi, Davydov. Mpasuaji anafungua nafasi kati ya kibofu na puru, anaushusha chini utando laini unaofunika ndani ya tumbo, yaani peritoni, anaushona kwenye mlango wa uke, kisha anafunga juu. Siku hizi sehemu kubwa hufanywa kwa matundu madogo.

*Muda na maumivu.* Siku chache hospitalini, wiki kadhaa za kupona. Hakuna ile wiki ya kukazwa.

*Hatari.* Kibofu, mirija ya mkojo inayotoka kwenye figo, na puru viko jirani mno na kisu. Vikiumizwa bila kugunduliwa, fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au choo ukeni, inaweza kutokea. Mpasuaji anayeijua kazi hii kwa kuisoma tu asiwe anayeanzia kwako.

*Maisha ya baadaye.* Utando huo hubadilika taratibu na kufanana na ngozi ya uke baada ya miezi. Vipanuzi ni lazima, na kwa muda mrefu. Hakuna kovu la nje la maana, hakuna nywele wala harufu.

*Inamfaa* ambaye sehemu yake ni ngumu au ina kovu la zamani, kiasi kwamba kuvuta hakutasaidia. Inahitaji stadi ya mpasuaji kuliko inavyohitaji kifaa maalumu, kwa hiyo hospitali kubwa ya rufaa yenye timu nzuri ya matundu inaweza kuifanya.

4. McIndoe: kipande cha ngozi

*Kazi yenyewe.* Ilijulikana zaidi baada ya McIndoe na Banister kuichapisha mwaka 1938, mwaka ule ule wa vipanuzi vya Frank. Daktari anachuna tabaka jembamba la ngozi ya paja au tako, analizungushia kwenye kifinyango, yaani kijiti kinachoshikilia umbo la uke, na kukiweka kwenye nafasi aliyoifungua kati ya kibofu na puru. Baadhi ya hospitali hutumia utando wa kondo la nyuma badala ya ngozi. Hapo uliza mama aliyeutoa alipimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende.

*Muda na maumivu.* Karibu wiki moja kitandani na mpira wa mkojo, kifinyango kikiwa ndani. Wengi husema paja lililochunwa huuma kuliko uke.

*Hatari.* Ngozi inaweza kukataa kushika sehemu fulani, kisha pakaota kovu na kujifunga. Fistula hutokea, si mara nyingi. Na kovu la pajani halifichiki. Ikiwa ngozi yako au ya ndugu zako huota makovu yaliyovimba, lisemee hili kabla hujatia saini.

*Maisha ya baadaye.* Hii ndiyo inayodai zaidi. Kifinyango kinavaliwa usiku na mchana kwa miezi ya mwanzo, kinatolewa wakati wa choo na kuoga tu, kisha kinabaki cha usiku. Aliyekiacha kwa wiki chache anaweza kukuta pameziba. Ngozi ya paja haitoi unyevu, kwa hiyo kilainishi ni cha kudumu.

*Inamfaa* aliye mahali pasipo na upasuaji wa matundu ila pana mpasuaji mzuri wa kawaida, na ambaye ana uhakika wa kuvaa kifinyango bila kukosa. Nasita kuipendekeza kwa binti wa miaka 17. Ni mzigo mkubwa kwa umri ule.

5. Kipande cha utumbo

*Kazi yenyewe.* Kipande cha utumbo mpana hukatwa pamoja na mishipa yake ya damu, kikashushwa kuwa uke, na utumbo uliobaki ukaungwa. Daktari Baldwin alieleza matumizi ya utumbo mwembamba tangu 1904. Leo unaopendelewa ni ule wa chini kushoto, jirani na puru.

*Muda na maumivu.* Ni upasuaji mkubwa wa tumbo: kusafishwa utumbo, nusu kaputi ya saa kadhaa, dripu hadi utumbo uanze kufanya kazi, kulazwa siku nyingi kuliko njia nyingine nyingi.

*Hatari.* Kiungo cha utumbo kikivuja, ni dharura ya maisha. Baadaye uke unaweza kushuka na kutokeza nje, utumbo ule ukapata uvimbe wa kuchoma, na saratani imeripotiwa kwa wachache sana. Kwa hiyo ukaguzi ni wa maisha yote.

*Maisha ya baadaye.* Hapa ndipo inapozipita nyingine: urefu ni wa kutosha tangu siku ya kwanza, unyevu unajitokea wenyewe, na kusinyaa ni kidogo, ingawa mlango unaweza kubana na kuhitaji kipanuzi. Upande wa pili ni ute. Miezi ya mwanzo unaweza kuwa mwingi hadi kuhitaji pedi kila siku, na harufu yake huwasumbua baadhi ya wanawake kuliko walivyotarajia.

*Inamfaa* aliyekwisha kufanyiwa upasuaji mwingine ukafeli, au aliyezaliwa na kasoro nyingine kubwa za nyonga zinazohitaji kurekebishwa pamoja. Kuanza nayo kwa mtu ambaye hajagusa kipanuzi ni kuanzia mwisho.

Njia zote tano haziwezi kufanya hivi

Hakuna inayoleta hedhi, na hakuna inayoleta mimba. Mara nyingi mama mzazi ndiye anayetumaini hivyo kimoyomoyo, na daktari hajamuuliza. Kwa kuwa ovari zipo, mayai ya mwanamke huyu yanaweza kurutubishwa maabara na kubebwa na mwanamke mwingine, pale sheria na dini yake vinaporuhusu. Wanazuoni wengi wa Kisunni hawakubali. Kupandikizwa mfuko wa uzazi si ndoto tena: Septemba 2014, Gothenburg nchini Sweden, timu ya Mats Brännström ilimzalisha mwanamke mwenye MRKH aliyekuwa na mfuko wa uzazi wa rafiki wa familia wa miaka 61. Lakini ni upasuaji wa vituo vichache duniani, wenye dawa kali za kuzuia mwili usikatae kiungo, na figo nzima ni muhimu. Kulea mtoto kwa njia ya kisheria kunabaki kuwa mlango ulio karibu zaidi kwa wengi.

Na uke mpya, uwe wa ngozi, wa utumbo au wa vipanuzi, unaambukizwa magonjwa ya zinaa kama mwingine. Kondomu inahusika. Kukosa mlango wa kizazi hakuondoi faida ya chanjo ya HPV, virusi vya zinaa vinavyojulikana zaidi kwa kuleta saratani ya mlango huo.

Kwa hali yako

*Una miaka 14 au 15 na ndiyo kwanza umeambiwa.* Usifanyiwe chochote sasa. Pima figo, pata mtu wa ushauri nasaha, uliza maswali yote. MRKH haizidi kuwa mbaya kwa kusubiri, na vipanuzi vya miaka 20 vinafanya kazi sawa na vya miaka 17.

*Unaumwa tumbo kila mwezi.* Hili halisubiri. Omba MRI, kwa sababu huenda kuna mabaki yenye utando hai, au si MRKH kabisa. Kama upasuaji wa kuyatoa utafanyika, na wewe ni mtu mzima aliyeamua, ni wakati wa kumuuliza daktari ikiwa Vecchietti au Davydov vinaweza kufanywa katika nusu kaputi hiyo hiyo.

*Wewe ni mtu mzima, hujawahi kukatwa.* Anza na vipanuzi, ukiwa na nesi unayeweza kumpigia simu. Miezi sita ya kweli, yenye kurudi kliniki kila baada ya wiki chache, ndipo useme vimeshindikana.

*Harusi imepangwa miezi mitatu ijayo.* Shinikizo linaelekea kwenye kisu, na wajomba wameshaanza kuchangishana. Upasuaji wowote kati ya hii minne unaweza kukukuta harusini bado unapona au bado unavaa kifinyango. Vipanuzi vilivyoanza leo vinaweza kukufikisha karibu zaidi. Na mchumba aambiwe kabla, na wewe mwenyewe, mbele ya daktari ikiwezekana: akijua, mara nyingi tarehe yenyewe inajadilika.

*Ulikatwa utotoni kwa kudhaniwa una kizinda kilichoziba.* Chukua taarifa ya upasuaji ule kama bado ipo. Palipo na kovu, Vecchietti hushuka thamani. Davydov, ngozi au utumbo ndiyo ya kujadili, na iwe kwenye hospitali inayozifanya zaidi ya moja, isije ikakupa ile inayoijua tu.

*Figo yako iko nyongani.* Vipanuzi kwanza. Wakisema upasuaji, uliza wameiona figo kwenye picha, na watapita wapi.

*Uko mbali na hospitali kubwa.* Usichague upasuaji unaohitaji kurudi mara kwa mara kama nauli haipo. Uliza mambo matatu kabla ya kukubali tarehe: umefanya upasuaji huu mara ngapi, nani ataniangalia miezi sita ya kwanza, na pakijifunga nitapokelewa wapi. Ukijibiwa kwa kukasirikiwa, omba barua ya rufaa.

*Hutaki tendo la ndoa, au hujui kama utalitaka.* Huhitaji kufanyiwa lolote. Weka ripoti ya MRI na ya figo kwenye faili moja nyumbani, pamoja na simu ya kliniki.